Mzee Akiingia Dukani Bila Kusalimu

Hapa Lamu mtu haingii dukani bila kusalimu. Hata mliyegombana jana atasema salaam aleikum kwanza, aulize za nyumbani, ndipo ataje haja yake. Kwa hiyo mzee akiniingilia simu iko sikioni, macho hayanitazami, mkono unanyoosha kitambulisho na noti zilizokunjwa, na sauti ya chini inasema "nitilia haraka, mwanangu", mimi huwa nishajua. Upande wa pili wa ile simu kuna mtu, na mtu huyo amemwambia asikate na asizungumze na yeyote.

Mimi ni wakala wa M-Pesa, Langoni, kwenye kichochoro cha nyuma ya Usita wa Mui. Dukani nauza pia sabuni, unga na kadi za simu, lakini wazee wengi huja kwangu kwa ajili ya ile pesa ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa: wenyewe wanataka kuitoa, au wanataka kuniuliza kama imeingia. Anayestahili kama mzee ni aliyefika miaka 70, na malipo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi huingia ya miezi miwili kwa pamoja. Zile siku ambazo watu wanaulizana barazani "kwako imeingia?" ndizo siku za matapeli. Hawahitaji kujua jina lako. Wanapiga nambari kumi, ishirini, na katika hizo atapatikana bibi au babu ambaye kweli anangoja pesa. Huyo atadhani ameitwa yeye.

Ami yangu alikuwa mmoja wao. Aliingia adhuhuri, simu sikioni, na shilingi 1,150 mkononi. Nikamwambia, "Ami, salaam aleikum." Akanipungia mkono ninyamaze. Hapo ndipo niliposhika noti zake nikaziweka chini ya kaunta bila kumwekea chochote kwenye simu, nikamwomba anipe simu nimsalimu huyo rafiki yake.

Sauti ilikuwa nzuri, ya kistaarabu, na ilianza kwa salamu ya dini, maana siku hizi wamejifunza. Akasema yeye ni afisa wa Inua Jamii, jina la mzee limetoka kwenye orodha, kuna malimbikizo ya 12,000 yanamngoja, na zinahitajika 1,150 za kufungua faili kabla ya saa nane mchana, kwa sababu saa nane "mtambo unafungwa". Nikamuuliza ofisi yake iko wapi, tuje wenyewe. "Lamu mjini hapo, karibu na stendi ya matatu."

Waliokuwa barazani walicheka mpaka ami naye akacheka. Mji wetu unapitwa na punda na mikokoteni. Hiyo matatu ingepita wapi?

Lakini usitegemee hilo. Wa kesho atakuwa ameuliza na atakutajia Mkunguni na ngome. Kumhoji tapeli ili umnase ni mchezo wangu mimi niliyekaa dukani, si wa mtu mwenye pesa zake kwenye simu. Wewe kata tu. Afisa wa kweli hatakasirika ukimkatia na kwenda kwa chifu kuuliza. Jina la mtu haliingii kwenye mpango wala halitolewi kwa kupigiwa simu na kulipa ada. Watu huandikishwa ana kwa ana, na kitambulisho chao, kupitia chifu na maafisa wa ustawi wa jamii, na hakuna kulipia. Akitaja ada ya aina yoyote, iite faili, usajili, kodi au "kodi ya benki", mazungumzo yamekwisha.

La pili nawaambia wazee hivi: PIN, yaani nambari yako ya siri, ni ufunguo wa kutoa. Pesa ikiingia kwako haigusi PIN yako hata kidogo. Mtu akikutumia shilingi mia sasa hivi, utabonyeza nini? Hubonyezi kitu, unasikia tu mlio wa meseji. Basi yeyote anayesema "weka nambari yako ya siri ili tukutumie" anakutaka ufungue mlango utoe. Mzee akilielewa hili moja, mengine yote atayajua mwenyewe.

Shangazi yangu hakulielewa, na kwake sikuwahi kufika kwa wakati, kwa sababu pesa tayari zilikuwa ndani ya simu. Hakuhitaji kuja dukani. Hebu nieleze alivyofanyiwa, maana wengi hudhani tapeli lazima akuulize PIN. Huyu hakuiuliza. Alimwambia, "Mama, PIN yako usimwambie mtu, hata mimi." Hapo shangazi akamwamini kabisa. Kisha akamwongoza: piga *334#, chagua moja. Sasa weka nambari ya faili yako, nakusomea taratibu. Akamsomea tarakimu kumi. Sasa weka nambari ya kundi lako, ni 3900. Sasa weka siri yako mwenyewe, mimi naziba masikio.

Ukitazama kwa makini: moja ni Tuma Pesa. Ile "nambari ya faili" ilianza na 07, ilikuwa nambari ya simu ya huyo tapeli. Ile "nambari ya kundi" ilikuwa shilingi 3,900. Simu hata ilimwonyesha jina la mpokeaji kabla ya kutuma, naye akaambiwa hilo ni jina la karani. Kwa hiyo tarakimu kumi zinazoanza na 07 au 01 ni simu ya mtu, haijalishi ameziita nini. Na usibonyeze chochote unachosomewa na mtu usiyemwona.

Kuna nambari nyingine za kubonyezeshwa ambazo hazitoi pesa papo hapo, ila zinaandaa wizi. Inayoanza na *21* ikifuatwa na nambari ya simu hupeleka simu zako zote kwa mwenye nambari hiyo. Inayoanza na *33* inaweza kukufungia usiweze kupiga, usimuulize mtu wala kupiga kelele. Kama umeshabonyezeshwa ya kuhamisha simu, piga ##002# uifute. Na ukiona mtandao umepotea ghafla kwenye simu yako wakati jirani zako wote wanao, usingoje urudi: huenda laini yako imesajiliwa upya kwenye kadi ya mtu mwingine. Nenda dukani kwa mtandao wako na kitambulisho, siku hiyo hiyo. Walio Safaricom wanaweza kupiga *100*100# mapema ili laini isibadilishwe kiholela, na *106# kuona ni nambari ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipompigia ami hiyo ya pili, alikaa kimya akaangalia orodha kama mtu anayehesabu watoto wake.

Kuhusu SHA nitasema kidogo. Tangu mamlaka hiyo ya afya ianze kazi Oktoba 2024, matapeli wamepata jina jipya la kutumia. "Bima yako imefungwa, utapokea nambari kwa meseji, nisomee." Ile nambari ya meseji ni sawa na ufunguo uliotumiwa wewe peke yako, na kumsomea ni kumkabidhi. Kujisajili ni bure, unapiga mwenyewe *147#. Hustler Fund, ule mkopo wa serikali, nayo ni *254#, na haina wakala wa kukupigia akuombe "amana" kwanza. Yale yale, jina tu limebadilika.

Na meseji za bandia. "Umepokea 12,000 kutoka INUA JAMII", halafu dakika moja baadaye mtu analia kwenye simu kwamba imeingia kimakosa, umrudishie nusu. Meseji za M-Pesa huja kwa jina MPESA. Iliyotoka kwa nambari ya kawaida ya mtu ni barua ya kuandikwa tu. Ila msihangaike na kuichambua meseji, angalieni salio. Salio likiwa lile lile la asubuhi, hakuna kilichoingia. Mtu akikupigia akisema ni Safaricom, nambari yao ya kupigia wateja ni 0722 000 000.

Sasa, ikishatokea. Hapa ndipo nina uchungu. Shangazi alipigiwa kabla ya adhuhuri akaniambia baada ya isha. Aliniita uani, akafunga mlango, akasema kwa sauti ya mtu aliyeiba: "Usimwambie mtu, nimeliwa." Saa nane nzima alikuwa anaona haya. Kwa saa nane mwizi ameshatoa, ameshakula, amelala.

Anayejua ndani ya dakika kumi ana nafasi. Ile meseji ya M-Pesa iliyoonyesha pesa zimekwenda, isambaze kama ilivyo kwenda 456. Hilo ni ombi la kurudishiwa. Kama mpokeaji hajatoa, pesa zinaweza kuzuiwa. Kama ametoa, ni vigumu, na sitakudanganya. Yetu ya shangazi haikurudi. Hapo hapo piga 100 uzungumze na huduma kwa wateja, waeleze imekuwa utapeli. Kisha badilisha PIN kupitia *334#, wewe mwenyewe, bila kuamrishwa na mtu. Usifute meseji wala rekodi ya simu hata kama inakuudhi kuiona. Kila mara nakutana na wajukuu wanaofuta "ili bibi asiumie" na kwa kufanya hivyo wanafuta ushahidi. Andika kwenye karatasi: saa aliyopiga, nambari, alijiita nani, alitaka kiasi gani, alikubonyezesha nini.

Hata kama hukupoteza kitu, ripoti. Hili watu hawalijali, na mimi nalijali kuliko yote, kwa sababu ile nambari iliyomkosa ami saa saba ilikuwa bado inapiga watu saa kumi. Sambaza meseji ya utapeli kwenda 333, ni bure. Kama ilikuwa simu ya sauti, tuma ile nambari iliyokupigia huko huko 333. Inachukua muda mfupi kuliko kusukutua kinywa.

Polisi nako nendeni mkaandikishe. Kituoni utaomba iandikwe kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, upewe nambari ya OB, maana bila nambari hiyo kesho utaanza hadithi upya. Tulipokwenda na shangazi, kituo sitakitaja, kijana wa mapokezi alimuuliza, "Na wewe mama ulimtumia kwa nini?" Shangazi akataka kugeuka aondoke. Nikamwambia yule kijana kwa adabu kwamba kuna sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta na mtandao, na kujifanya mtu mwingine ili ule pesa za watu ni kosa, liwe kwa simu au kwa barua. Akaandika. Ukiona unazungushwa, au hutaki kujulikana, DCI, wale wapelelezi wa jinai, wana nambari ya bure, 0800 722 203.

Mwisho wa njia ni kwa chifu. Hapo hupeleki kesi, unapeleka habari. Chifu akijua kuna simu za Inua Jamii zinazunguka, atasema kwenye baraza lake, na neno likisemwa barazani Langoni, alasiri liko Mkomani na jioni limevuka Shela. Huo mtandao wetu wa zamani hauishiwi na bando.

Jambo moja karibu nilisahau. Wiki moja baada ya kuliwa, shangazi alipigiwa tena, mtu mwingine, mpole zaidi. Alisema yuko kitengo cha kurudisha pesa za waliotapeliwa, anajua kuwa alipoteza 3,900 hasa, na anaomba 400 ya kushughulikia. Alijuaje? Alikuwa yule yule au mwenzake. Mtu aliyeliwa mara moja jina lake hubaki kwenye daftari lao. Kwa hiyo mwambieni mapema, kabla hajapigiwa, kwamba atapigiwa.

Mimi kwa upande wangu nimeandika karatasi kwa kalamu nene, nimeibandika kwenye kaunta pale mkono wa mteja unapofikia: 333, 456, 100, na chini yake "SALIMU KWANZA". Wengine hudhani ni mafunzo ya adabu. Ami sasa akipigiwa na nambari asiyoijua hukata, huja taratibu na bakora yake, huketi barazani, huuliza za watoto, na chai ikishaletwa ndipo hutoa simu mfukoni na kunipa. "Haya, mwangalie huyu," husema, "alitaka nini."