Popo wa Pemba na ua la Saintpaulia: kuwapima kwa mizani moja

Vijana wa vilabu vya mazingira Mombasa wakipewa kazi ya kulinganisha popo wa Pemba na ua la Saintpaulia huanza na mbawa na petali. Achana nazo. Kinachopimwa ni hatari ya kutoweka, na vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga viumbe kwa madaraja ya hatari, ni vilevile kwa mnyama na kwa mmea.

Andika majina kwanza. Popo ni Pteropus voeltzkowi, wa Pemba tu. Ua ni Saintpaulia rupicola, la miamba ya chokaa ya Kilifi, upande wa Kaloleni. Tangu 2015 wataalamu wanaiweka Saintpaulia ndani ya jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja) ya Streptocarpus, basi tafuta kwa majina yote mawili. Mwaka wa tathmini usiuache: mwaka 1996 popo huyu alikuwa daraja la hatari kubwa kabisa, kisha akashushwa baada ya wanakijiji, wa Kidike wakiwemo, kulinda miti anamolala.

Sasa ramani. Igawe miraba ya kilomita 2 kwa 2. Mraba wenye kiumbe ni km² 4, hata kama ua limekaa kwenye jabali lisilozidi chumba kimoja. Miraba miwili ni km² 8, chini ya kikomo cha km² 10 cha daraja la hatari kubwa kabisa. Usishangilie: udogo wa eneo hautoshi. Lazima yatimie mawili kati ya matatu: vituo vichache au vilivyokatikakatika, kupungua kunakoendelea, au idadi kupanda na kushuka kupita kiasi. Wengi hukwama hapa.

Kuhesabu ndiko kwenye jasho. Popo wahesabu asubuhi wakining'inia, au magharibi wakitoka, kila mtu na upande wake wa anga. Bila hivyo utawahesabu mara mbili. Usiwarushie mawe ili waruke, kwani jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Kwa ua, omba ruhusa kwa wazee wa mahali, kisha piga magoti. Jani lenye malaika (vinyweleo laini) likilalia jabali lenye unyevu hutoa mizizi kwenye kikonyo, na mche mpya huota. Shada la majani lenye mizizi yake, liwezalo kuishi peke yake na kuchanua, ni moja. Mche mchanga haumo katika hesabu, kama kinda la popo lisivyokuwemo.

Mwisho, andika vitisho. Popo aliyekatiwa mti huenda akapata mwingine. Ua halina pa kwenda: mti wa juu ukikatwa kuni, kivuli huondoka, jabali hukauka, nalo hufa bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo pima kivuli pia.