Kabla hujalipa kodi ya karakana, zunguka mtaa kwanza

Mimi ni fundi wa bati Kamukunji, Nairobi. Vijana wanaotaka kubuni vitu vyao huniuliza wafungue karakana wapi, nami huwaambia waache kuulizia kodi, waangalie majirani.

Beba kitu kilichovunjika, tuseme mkono wa toroli, uzunguke nacho. Penye uhai, muuza vyuma chakavu atakuelekeza kwa mwenye mkasi wa bati, huyo akupeleke kwa mchomeleaji, na utafika kwa fundi wa rangi bila kupanda matatu. Hapa kwetu sampuli hukatwa asubuhi na jioni mteja wa soko la Gikomba, hapo jirani, ameshaishika, ameigeuza, ameikosoa. Maneno yake ni mali, yasikilize.

Uliza pia mafundi wamejifunzia wapi. Wakikujibu "kwa yule pale," kaa hapo. Mwanafunzi akihama na kufungua kibanda hatua chache kutoka kwako inaudhi, nakubali, ila ndivyo ujuzi unavyotembea. Hata Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia kule California, Marekani, ndivyo ilivyokua. Mwaka 1957 wahandisi 8 walimwacha bosi wao, William Shockley, wakaanzisha Fairchild, kampuni ya vipuri vya elektroniki. Wawili wao, Robert Noyce na Gordon Moore, wakatoka tena 1968 wakaanzisha Intel, kampuni ya chipu za kompyuta. Sheria ya California haimpi mwajiri nafasi ya kumzuia mtu aliyeacha kazi asiende kushindana naye.

Tena tazama kama wanaiga kwa akili. Chukua jiko letu la makaa lenye udongo ndani. Wazo lilitoka Thailand, likafika kwetu miaka ya 1980. La kule lilikuwa na umbo la ndoo. Hapa likabanwa kiuno, udongo ukakaa sehemu ya juu tu, ukashikizwa kwa saruji na vemikulaiti (madini mepesi yanayozuia joto), na mlango wa majivu ukabaki chini kwenye bati. Mfinyanzi anafinyanga, mtu wa bati anakunja na kuunganisha. Hakuna anayelazimika kujua kazi yote. Leo utalikuta Uganda, Rwanda na Tanzania.

Umeme na choo, ulizia. Makelele utazoea.

Ukikuta safu nzima inauza sanduku la shule lenye komeo lile lile, na kila mmoja anakuambia "wateja wanataka hilo," pita. Hata hapa kwetu ipo safu kama hiyo. Usichukue kibanda huko hata ukipewa mwezi wa kwanza bure.