Unakwenda Oman na unataka kuona jangwa? Fanya hivi

Kila ikikaribia Desemba napata meseji zilezile, mtu kapata visa anakwenda Muscat kwa shangazi yake wiki mbili, kaona picha za watu wamekaa juu ya mchanga wamejifunga vilemba, sasa anauliza jangwani naendaje, nibebe nini, na bei gani. Nimeshajibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja.

Jangwa lenyewe wenyeji wengi bado wanaliita Wahiba, ila kwenye vibao utakuta Sharqiya Sands, yaani mchanga wa mashariki. Kutoka Muscat ni mwendo wa masaa mawili na nusu mpaka matatu, unashika ile barabara ya Bidbid kwenda Sur, unapita Ibra, halafu Bidiya, na pale Bidiya ndo lami inapoachana na wewe. Sio kamchanga ka kupiga picha ukarudi, ni kama kilomita 180 kutoka kaskazini mpaka kusini na upana wa 80 hivi, na kuna vilima vinafika mita 100 kwenda juu. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "twende tu tutajua hukohuko", we baki nyumbani kula biriani.

Ukipita Ibra simama. Nunua maji, nunua tende, na usishtuke ukimsalimia mzee wa kanzu kwa Kiarabu chako cha madrasa akakujibu "karibu mwanangu, watoka Unguja au Pemba?" Watu wa upande ule wana historia ndefu na Zanzibar, akina Harthi na Barwani unaowasikia kwetu mizizi yao iko hukohuko. Na kama ni Jumatano asubuhi kuna soko la wanawake, dada zangu ingieni, sisi wanaume tunasubiri nje kwenye gari.

Msimu: Oktoba mpaka Machi. Basi. Kuanzia Mei jua linafika nyuzi 45 na kuzidi, mchanga unakuwa kama kikaango, na wale wanaokuuzia tripu kwa nusu bei mwezi wa saba wanajua kwanini wanauza nusu bei. Epuka pia usiku wa Alhamisi na Ijumaa kama unaweza, wikiendi ya kule ni Ijumaa na Jumamosi, vijana wanatoka mjini na magari yao kupandisha vilima mpaka usiku wa manane, kama umefuata utulivu hutaupata.

Sasa uamuzi mkubwa ni huu, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo au unalala? Mi nasema lala, hata usiku mmoja. Ile ya kwenda na kurudi siku moja ni kwamba unakaa garini masaa sita, unafika mchana jua la utosi, unarushwarushwa kwenye vilima nusu saa, picha mbili tatu, umeondoka. Jangwa zuri ni la saa 11 jioni na la alfajiri, yaani mchana wake ni wa kujificha tu. Desemba jua linazama kama saa 11 na nusu, hivyo hakikisha saa 10 ushafika kambini, umekunywa kahawa, unaanza kupanda kilima taratibu pekupeku. Kupanda mchanga kunachosha kuliko unavyodhani, hatua mbili mbele moja nyuma, mtu wa mazoezi utasikia anahema.

Kabla hujalipa kambi uliza maswali haya na majibu yabaki kwenye WhatsApp, sio ya kwenye simu: bei ni ya mtu mmoja au ya hema zima? Chakula cha usiku na chai ya asubuhi vimo? Kutoka Bidiya mpaka kambini nani ananichukua na kwa shilingi ngapi, maana kambi nyingi ziko ndani mchangani na hilo gari la kukuingiza mara nyingi ni hela mbali. Choo kiko ndani ya hema au cha pamoja? Umeme upo saa ngapi? Ngamia na zile pikipiki za magurudumu manne zinalipiwa peke yake au vipi? Mimi mara ya kwanza sikuuliza, nilidhani nimelipia kila kitu, kumbe nililipia kitanda. Na riyali ya Oman usiichezee, moja ni kama dola 2 na senti 60, ukisikia "ishirini tu" ujue si elfu ishirini ya kwetu, fanya hesabu kwanza ndo ucheke.

Gari. Kama umekodi gari dogo liache Bidiya, usibishane na mchanga. Kama umekodi 4x4 na unataka kuendesha mwenyewe, soma mkataba kwanza kwa sababu bima nyingi za magari ya kukodi zinaishia kwenye lami, likiharibika mchangani ni lako. Ukishajiridhisha, punguza upepo kwenye tairi zote nne mpaka kama psi 15 hadi 18, tairi inalala inakuwa pana haizami. Usifunge breki ghafla, usikate kona ukiwa kwenye ubavu wa kilima gari litabiringita, na ukitaka kusimama simama pua ikiangalia chini ili kuondoka kuwe rahisi. Ukikwama, na utakwama, USIKANYAGE MAFUTA. Hapa ndo wote tunakosea, binamu yangu alikanyaga kwa hasira mpaka gari likakalia tumbo, tukachimba kwa mikono na sahani ya plastiki saa nzima, kumbe ingetosha kutoa mchanga mbele ya tairi, kupunguza upepo kidogo tena na kurudi nyuma kwenye njia yetu wenyewe. Wala usiende gari moja peke yake, mtandao ukishaingia ndani unakatika, hivyo pakua ramani kabla na mwambie mtu wa nyumbani unategemea kurudi saa ngapi. Ukitoka, jaza upepo tena kwa mafundi wa tairi pale Bidiya kabla ya kukimbia lami. Na usiku endesha pole, ngamia wanakatiza barabara na hawana taa.

Nguo: ndefu, pana, pamba. Bukta utaungua mapaja. Beba kanga au kikoi, nakwambia hicho kitambaa kitakufaa kuliko kitu chochote kwenye begi, unafunga kichwani, unaziba pua upepo ukivuma, usiku unajifunika, asubuhi unatandika unakaa. Beba na sweta, watu wanacheka nikisema sweta jangwani, Januari usiku utanitafuta. Asubuhi unaweza kukuta umande umelowanisha kila kitu kilichobaki nje. Maji hesabu lita nne au tano kwa mtu kwa siku. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki, mchanga ule ni laini kama unga wa ngano unaingia mpaka kwenye tundu la chaji. Na kama gari huwa linakuchefua, usile sana kabla ya kurushwa vilimani, kaa siti ya mbele na uangalie mbali.

Ngamia anaanza kuinuka na miguu ya nyuma. Kwa hiyo unatupwa mbele ghafla, egemea nyuma na shika kwa nguvu, akikaa pia egemea nyuma maana anapiga magoti ya mbele kwanza. Dakika ishirini zinatosha, baada ya hapo unaanza kuujua uti wa mgongo wako wote.

Kambi nyingi zinakupeleka kwa familia ya Mabedui kunywa kahawa. Vua viatu, toa salamu kwanza, pokea kwa mkono wa kulia. Kahawa ina iliki, haina sukari, tende ndo sukari yenyewe. Utaendelea kumiminiwa mpaka utikise finjani, ukitikisa maana yake inatosha, mi sikujua nikanywa saba nikakesha. Wanawake wengi wa kule wanavaa barakoa yao ya asili usoni, usiwapige picha bila ruhusa, na wakikuonyesha vikapu na mikufu hulazimiki kununua, ila umekula tende zao bana, nunua hata kimoja.

Kwa wanaoswali, kibla kule ni upande wa magharibi, jua lilipozama litakupa makadirio tu, na mkeka utakuta kambini.

Usiku wakishazima jenereta usikimbilie kulala. Toa godoro nje, lala chali. Mimi nimezaliwa kisiwani, nyota nazijua, lakini zile zilikuwa nyingi mpaka nikakaa kimya, na kimya chenyewe ni cha aina yake, hakuna bahari, hakuna mbu, hakuna jogoo, unasikia masikio yako.

Asubuhi kama una muda pitia Wadi Bani Khalid, ni bonde lenye maji, si mbali, kuna madimbwi ya maji ya kijani unaogelea, ila kwa nguo za heshima, sio bikini. Halafu ukirudi Muscat kung'uta viatu, begi, mpaka mifuko ya suruali, nje ya geti. Shangazi yangu ana zulia la Kiajemi sebuleni, na mpaka leo nikipiga simu ananiuliza huo mchanga nitakuja kuufuata lini.