Chakula cha haraka: kwa nini kinaitwa hivyo, na lini usikiite hivyo

Haraka inayotajwa hapa ni ya kuhudumiwa. Mayai uliyokaanga nyumbani kwa dakika tano hayajawa chakula cha haraka. Ni chakula kilichopikwa upesi. Nyama iliyookwa kwa muda wa saa nne, ikawekwa kwenye joto na kupakuliwa kwa dakika mbili mteja anapofika, hiyo inastahili jina.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kazi kubwa ilimalizika kabla mteja hajaagiza? Orodha fupi, kulipa kwanza na kifungashio cha kuondoka nacho ni dalili tu. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald, Richard na Maurice, waanzilishi wa McDonald's, walipopanga upya mkahawa wao wa San Bernardino, California, mwaka 1948, walibakiza aina 9 tu za vyakula na vinywaji, wakawaondoa wahudumu waliokuwa wakipeleka chakula kwenye magari, wakagawa kazi jikoni ili kila mtu awe na lake. Mlaji hakuambiwa ale mbiombio.

Kisarufi, chunga “cha”. Ukisema “niletee chakula haraka”, unamhimiza mhudumu. Ukisema “niletee chakula cha haraka”, unataja aina ya chakula. Kaneno kamoja tu, na maana imehama. Wingi ni “vyakula vya haraka”. Mahali panapouzwa ni “mgahawa wa chakula cha haraka”, wingi “migahawa ya chakula cha haraka”: “wa” na “ya” zinafuata mgahawa, “cha” inafuata chakula. Wengi hufupisha wakaandika “mgahawa wa haraka”, na msomaji akabaki kujiuliza mgahawa unakimbilia wapi.

Majina ya jirani nayo huchanganywa. Vitafunio ni vya kupoza njaa kati ya mlo na mlo. Chakula cha kubeba kinaeleza kitaliwa wapi. Chakula kilichosindikwa kimepitia kiwandani.

Kosa zito zaidi ni kulifanya jina hili kuwa tusi la kiafya. Saladi iliyokatwa mapema na kuuzwa kaunta ni chakula cha haraka; pakiti ya biskuti sicho, hata ikijaa sukari. Ukiandika kuhusu afya na unachokilenga ni chumvi, sukari au mafuta mengi, vitaje hivyo hivyo.

Na tambi za kumiminia maji moto? Hizo ziite chakula cha papo hapo, maana mhudumu ni wewe mwenyewe.