Kabla ya Kulipia Vocha ya Ofa ya Siku

Ndugu zangu wa Malindi, kabla hujalipia mtandaoni vocha ya ofa ya siku, yaani vocha ya punguzo la hoteli inayouzwa na kampuni nyingine, ipigie simu hoteli yenyewe uulize kama inaitambua vocha hiyo, na ni siku zipi haitakubaliwa. Hapa kwetu swali hili lina uzito, kwa kuwa baadhi ya hoteli za ufukweni hufungwa wakati wa masika, na vocha inayokwisha mwezi Juni yaweza kuwa haina siku hata moja ya kutumika. Mimi nililipia chakula cha jioni cha watu wawili, tukafika tukakuta geti limefungwa, na mke wangu alikuwa ameshajipamba; iliniuma sana.

Fedha zangu nilirudishiwa, lakini ni kwa sababu niliidai kampuni iliyoniuzia vocha, ambayo ndiyo iliyopokea malipo, tena kwa maandishi na kabla vocha haijapitwa na tarehe. Niliambatanisha ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala pamoja na picha ya skrini ya tangazo, kwani tangazo huondolewa mara ofa inapokwisha. Katika Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, muuzaji wa mtandaoni anatakiwa kukueleza masharti kabla hujakubali. Asipofanya hivyo, unaweza kuufuta mkataba hadi siku 7 baada ya kupokea nakala yake. Itaje sheria hiyo katika barua yako ya madai.