Jinsi ya kuangalia madubwana ya Ray Harryhausen mpaka yakuingie

Muwekee mtu muvi ya Sindbad ya mwaka 1958 leo, lile jitu la jicho moja likitoka tu pangoni atakwambia aah feki hiyo, ona linavotembea. Alafu anashika simu yake. Mi huwa sibishani nae, namwambia subiri, tuangalie tena kale kakipande, ila safari hii angalia miguu tu. Wengi wakishaangalia miguu wanakaa kimya, na hapo ndo kazi inaanza.

Haya ni maelekezo ya namna mi mwenyewe nilivojifunza kuyaangalia haya madubwana, nimeyaona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza kwa mkanda wa video uliochoka mpaka rangi zimehama, na mpaka leo nayapenda kuliko kitu chochote kilichotengenezwa kwa kompyuta. Sio kwamba ya kompyuta mabaya, hapana. Ila haya yamesogezwa na mkono wa mtu, kidole kwa kidole, na ukishajua hivo huwezi kuyaangalia kama zamani.

Kwanza ujue unamuangalia nani. Ray Harryhausen, fundi wa kufufua visanamu kwenye muvi, mzaliwa wa Los Angeles 1920, kafariki London 2013. Akiwa na miaka 13 akaenda kuona King Kong ya 1933, sokwe aliyetengenezwa na fundi anaitwa Willis O'Brien, na hakutoka tena kwenye ile ndoto. Akaanza kutengeneza vidubwana nyumbani, baba yake alikua fundi mitambo akawa anamchongea viungo vya chuma, mama yake anashona nguo za visanamu. Baadae akaja kufanya kazi na huyohuyo O'Brien kwenye Mighty Joe Young ya 1949, na sehemu kubwa ya kumsogeza yule sokwe aliifanya yeye. Baada ya hapo kwenye muvi zake nyingi alikaa peke yake chumbani, yeye na kisanamu na kamera. Watu mia wanaigiza, wanapiga muziki, wanashona mavazi, lakini dubwana linapofufuka ni mtu mmoja tu yuko pale. (Na kuna kitu kinanifurahishaga, mke wake Diana alikua wa ukoo wa David Livingstone, huyuhuyu wa Ujiji tuliyemsoma shuleni.)

Sasa uanzie wapi. Usianze na za mwanzo kabisa kwa sababu ni za zamani mno, ukianza hivo utachoka njiani. Anza na The 7th Voyage of Sinbad ya 1958, alafu Jason and the Argonauts ya 1963, alafu ruka mpaka Clash of the Titans ya 1981 ambayo ndo muvi yake ndefu ya mwisho, uone Medusa, yule mwanamke mwenye nyoka kichwani badala ya nywele. Ukishakolea ndo urudi kwa King Kong umsalimie babu. Zingine utazitafuta mwenyewe, utake usitake.

Tafuta kopi nzuri. Hili nasisitiza sana kwa sababu wengi wanaziona kwa vipande vya dakika mbili kwenye simu wakiwa kwenye daladala, alafu wanasema hazina kitu. Zima taa, weka kwenye TV au kompyuta, na sauti uifungulie, usiionee huruma, maana muziki wa Sindbad na wa Jason ni wa Bernard Herrmann na yule bwana aliyapa madubwana uzito kwa ngoma na tarumbeta. Pale Sindbad anapopigana na kile kiunzi cha mifupa utasikia marimba na vitu vya mbao vinagongana kama mifupa yenyewe ndo inapiga muziki. Ukiweka sauti ndogo umekosa nusu ya dubwana.

Mara ya kwanza usichunguze chochote. Angalia kama mtoto, mshangilie steringi, ogopa. Sisi tuna bahati moja ambayo wenzetu wengi hawana, tumelelewa na Alfu Lela Ulela, Sindbad Baharia tunamjua kabla hatujajua TV. Kwaiyo utayatambua mambo yako humo, mabaharia wanaovunja yai la ndege mkubwa na kumla kinda wake mpaka mama mtu anarudi na hasira, hiyo ni ya safari ya tano, na jitu linalochoma watu kwenye mshikaki kisha linatobolewa macho ni la safari ya tatu. Muvi inaitwa safari ya saba lakini imechota huku na huku, na ndege kapewa vichwa viwili, na jitu limebaki na jicho moja, pembe na miguu ya mbuzi. Angalia pale jitu linamzungusha yule baharia juu ya moto alafu linajilamba midomo. Nani alimwambia lijilambe? Hakuna mwongozaji pale anayepiga kelele, ni Harryhausen kakaa peke yake kaamua kwamba hili jitu lina njaa na linafurahia, akausogeza ulimi kidogo, akapiga picha, akausogeza tena.

Mara ya pili ndo angalia miguu. Kanuni yenyewe: sekunde moja ya muvi ni fremu 24, kwaiyo kisanamu chenye urefu wa rula hivi kinasogezwa kidogo sana, picha moja, kinasogezwa tena, picha nyingine, dakika moja ni fremu 1,440. Kisanamu hakina uzito wowote. Uzito unatoka kwenye namna kinavosogezwa, mguu ukitua lazima goti likunje kidogo, bega lishuke upande ule, mkono wa pili utangulie mbele kubalansi. Angalia jitu likipanda jiwe. Angalia mikia pia, kwenye hizi muvi mkia haukai kimya hata siku moja, mnyama kasimama anawaza lakini mkia unazunguka taratibu kama wa paka anayenyemelea, ndo maana hata akiwa hafanyi kitu unajua yuko hai.

Ukishazoea hapo nenda kwa Talos kwenye Jason. Sanamu la shaba kubwa kama ghorofa, limechuchumaa juu ya jengo la mawe, Hercules, mmoja wa wenzake Jason, anaiba kitu kwenye hazina, mnatoka zenu mnaenda, alafu kile kichwa kinageuka. Kinatoa mlio wa chuma kilichoshika kutu. Mimi nimeangalia hii sehemu sijui mara ngapi na bado nywele zinasimama. Watu wanasema Talos anatembea kwa kukwamakwama, ndio, imekusudiwa, Harryhausen aliyetumia miaka yote kutafuta mwendo laini hapa kaamua kufanya mgumu kwa sababu huyu ni shaba tupu, shaba inatembeaje? Kisha mkae kimya pale Jason anapofungua kifuniko cha kisigino na damu yake inamwagika yote. Talos anashika koo. Sanamu la chuma lisilo na pumzi linashika koo kama mtu anayekosa hewa, alafu linaanza kupasuka, linaanguka. Unajikuta unalionea huruma. Hiyo ndo alama kubwa ya huyu fundi, madubwana yake yanapokufa yanakufa kweli, yanachelewa, yanahangaika, hayalipuki tu na kupotea.

Mara ya tatu ndo shika rimoti. Hapa unataka kujua aliwachanganyaje watu na visanamu, na ukijua utamu unaongezeka, haupungui. Walipiga kwanza picha za waigizaji kule nje, Hispania na Italia, wanapigana na hewa. Halafu zile picha zinarushwa fremu mojamoja kwenye skrini ndogo nyuma ya meza, na kisanamu kimesimama juu ya meza mbele yake. Mbele ya kamera kuna kioo, sehemu ya chini yake imepakwa rangi nyeusi kufuata mstari wa mawe au ukuta. Anasogeza kisanamu, anapiga, anasogeza, anapiga, mpaka kipande kiishe. Kisha filamu inarudishwa mwanzo, sasa anafunika sehemu ya juu na kupiga ile ya chini iliyokua nyeusi. Matokeo yake dubwana linatokea katikati, nyuma yake mlima na mbele yake jiwe, kama lilikuepo palepale. Walipoiuza muvi ya Sindbad hii mbinu wakaipa jina Dynamation.

Kwaiyo ukiwa na rimoti fanya hivi. Kabla dubwana halijatoka angalia rangi ya picha, mara nyingi inabadilika ghafla, inakua na chengachenga kidogo kwa sababu ile ya nyuma ni picha iliyopigwa picha. Hiyo ni hodi, jua mgeni anakuja. Kisha tafuta ule mstari wa kioo, angalia ukingo wa mwamba, ukuta, ardhi karibu na miguu. Alafu angalia macho ya waigizaji, je wanaangalia panapotakiwa? Kerwin Mathews aliyecheza Sindbad wa kwanza alikua na jicho zuri sana kwa hili, upanga wake unasimama hewani pale unapokutana na wa mfupa, na wakati anaigiza hapakua na kitu pale. Na kwenye The Valley of Gwangi ya 1969 tafuta pale wapanda farasi wanamtupia kamba dinosaria, wale watu walikua wamekamata mti uliofungwa kwenye Jeep, kisha Harryhausen akaliweka dinosaria juu ya Jeep na kuunganisha kamba za kweli na kamba za kisanamu. Simamisha, rudisha, simamisha. Sijapata kuona kamba zikiungana vizuri hivo kwenye muvi yoyote ya enzi zile.

Viunzi vya mifupa saba vya Jason vinataka jioni yao peke yake. Meno ya joka yamepandwa ardhini, mifupa inachomoza na ngao na mapanga, inasimama, inanyata pamoja kwanza, taratibu, kisha inapiga kelele na kukimbia. Watu watatu dhidi ya saba. Waigizaji walifanya mazoezi na watu wa kweli, kila pigo likahesabiwa, alafu wale watu wakaondolewa na waigizaji wakapigana wenyewe na upepo. Kisha Harryhausen akakaa nayo zaidi ya miezi minne kwa kipande cha dakika chache. Piga hesabu na mimi, kila kiunzi kina kichwa, mikono miwili, miguu miwili, mara saba, ni vitu 35 vya kusogeza kwa kila fremu na vyote viendane na panga za watu waliokwisha kupigwa picha. Kuna siku alimaliza fremu 13 tu. Siku nzima ya kazi kwa nusu sekunde! Na simu ikilia katikati ukasahau mguu wa nani ulikua unaenda mbele, umeharibu. Ushauri wangu, chagua kiunzi kimoja tu umfuate mwanzo mpaka mwisho, usiangalie vingine, utaona kila mmoja ana tabia yake, kuna anayesita, kuna anayerukia watu kwa pupa. Rudia saba kama una muda.

Medusa nae usimwangalie mchana. Harryhausen alimpa mwili wa nyoka, upinde na mkia unaolia, na chumba kizima kinawaka mwanga wa moto unaochezacheza, ambao nao ulibidi uchezeshwe fremu kwa fremu juu ya kisanamu. Anajiburuza kwa mikono. Nyoka wa kichwani kila mmoja anakwenda njia yake. Mi naona ndo kazi yake bora kuliko zote, kuliko hata mifupa, na najua wapenzi wengi hatutaelewana hapo.

Ukiona kasoro usiikimbie. Manyoya ya King Kong yanatetemeka yenyewe, yale ni alama za vidole vya fundi kila alipomshika kumsogeza. Pweza wa It Came from Beneath the Sea ya 1955 ana mikono sita tu kwa sababu hela haikutosha ya minane, na wanavompiga picha ni shida kuhesabu. Kaa mkubwa wa Mysterious Island ya 1961 ni gamba la kaa wa kweli, ndani kaingizwa kiunzi cha chuma. Mambo kama haya mwambie anayesema feki, kwa upole, mwambie na ukiweza muwekee na mtoto pembeni, maana watoto wanaelewa haraka sana kwamba lile ni toy linalotembea na kwao hiyo ni sababu ya kulipenda.

Na mwisho jaribu mwenyewe, bila hili utakua umeelewa nusu. Chukua waya wa kufungia nondo, pinda mtu, mvishe udongo au plastisini, miguu iwe mizito asianguke. Simu iegemeze kwenye vitabu na uifunge na selotepu isitikisike kabisa. Funga pazia, tumia taa moja, maana jua likihama kivuli kinaruka. Kwenye kamera zima ile ya kujirekebishia mwanga yenyewe. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, kwaiyo hatua za sekunde tano ni picha 60, kuna programu za bure za kuziunganisha. Sogeza kidogo kuliko unavofikiria, mwendo unapoanza na unapoisha sogeza kidogo zaidi. Asimame kabla ya kugeuka. Ageuze kichwa kwanza, mwili ufuate.

Wangu wa kwanza alichukua saa tatu kuvuka meza na alikua anatembea kama anateleza kwenye sabuni, kwa sababu nilisahau kukunja goti. Usiku ule nikafungua tena Sindbad, pale kiunzi kinapomfuata juu ya ngazi za mzunguko, nikaangalia goti lake moja tu, ngazi kwa ngazi, mpaka juu.