Namna ya kuidhibiti bajeti ya umeme, mabomba na AC kwenye ujenzi hapa Zanzibar, hatua kwa hatua

Assalam alaykum wajenzi wenzangu. Mwongozo huu ni wa yule anaesimamia kazi za umeme, mabomba na AC, zile ambazo saiti tunazikusanya pamoja na kuziita MEP, iwe wewe kontrakta mdogo, au umewekwa na mwenye mali umsimamie, au ndo mwenyewe khasa unajenga nyumba ya wageni kule Jambiani na hela inatoka mfukoni mwako. Kwenye msingi na kuta kila mtu anaona pesa inaenda wapi, matofali unayahesabu kwa macho, lakini MEP nusu yake inafukiwa ukutani na nusu iko juu ya dari, ndo maana bajeti yake hupasuka kimya kimya. Na mara nyingi sio kwamba bei ya waya imepanda, ni kwamba mtu anahesabu alicholipa tu, hahesabu alichokwisha kukiahidi na kile ambacho bado hajakinunua. Hilo lishike, ntalirudia huko chini.

Mfano ntakaoutumia ni nyumba ya wageni ya vyumba 8, kila chumba na choo chake, AC yake na hita yake, halafu jiko, mapokezi, pampu na tanki. Kiasi cha pesa ntakachokitaja ni cha mfano wa hesabu tu, usikichukue ukaenda nacho dukani.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo wa umeme kabla hujauliza bei ya kitu chochote

Watu wanakimbilia kutafuta kotesheni (karatasi za bei kutoka dukani) za waya wakati hawajui hata nyumba itakula umeme kiasi gani. AC ya BTU 12,000 ichukulie kilowati 1.2 hivi, mara 8 ni 9.6. Hita ya kilowati 1.5 mara 8 ni 12. Ushafika kilowati 21.6, ukiweka kwenye fezi moja ya volti 230 ni kama ampia 94, na hapo jiko halimo, pampu haimo, taa hazimo. Mtu atakwambia "haviwaki vyote kwa pamoja", sawa, lakini kwenye nyumba ya wageni wageni wote wanarudi kutoka pwani saa ile ile ya Magharibi, wote wanataka maji ya moto, wote wanawasha AC. Kwa hivo hapa ni fezi tatu, hakuna mjadala.

Ukishapata namba hiyo nenda nayo ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, mapema, mapema yaani kabla ya kumwaga zege. Kama eneo lako halina nguvu ya kutosha unaweza kuambiwa habari za nguzo au transfoma, na hiyo ni hela ambayo huwezi kuipata kwa kubana kwenye swichi na soketi. ZAWA, mamlaka ya maji, nao hivyo hivyo, kama mtaa haupati maji ya uhakika basi unaingiza kisima, na visima vingi vya ukanda wa mashariki maji yake yana chumvi, utalazimika kuchagua valvu na mifereji (koki za kufungulia maji) isiyoliwa na chumvi, bei yake sio ile ya kawaida.

Halafu pima umbali. Tuseme mita ya umeme iko barabarani na mapokezi yako mita 120 ndani, unataka ampia 40 kwa fezi moja. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 10 itapoteza kama volti 21 njiani, ni asilimia 9, taa zitafifia na kompresa ya AC itakufa kabla ya siku zake. Ya 16 bado inapoteza zaidi ya volti 13. Mpaka uende 25 ndo unashuka kwenye volti 8 na kidogo, hapo panakubalika. Sasa linganisha bei ya kebo ya 10 na ya 25 kwa mita 120, hiyo tofauti peke yake inaweza kumeza akiba yako yote ya dharura. Kusogeza mita au chumba cha umeme kwenye drowingi hakuna gharama, kusogeza baada ya kujenga kuna gharama.

Hatua ya 2: Hesabu choo kimoja mpaka skrubu ya mwisho, kisha zidisha

Usikubali BOQ (orodha ya vifaa na kazi pamoja na bei zake) inayosema "mabomba ya chooni, jumla" na namba moja mbele yake. Kaa na fundi bomba mkubaliane choo kimoja kina nini. Maji baridi: choo, shatafu, sinki, bafu, na yanayoingia kwenye hita, ni pointi 5. Maji moto: yanayotoka kwenye hita, sinki, bafu, ni 3. Jumla 8, kila pointi inataka elbo (kona) yake ya nyuzi, vyumba 8 ni elbo 64. Valvu za pembe ni 5 kwa choo, yaani 40. Hapo ndo utagundua kitu kimoja kinachojirudia: drowingi zinazochorwa na watu wa nje khasa Ulaya shatafu hawaiweki kabisa, halafu mwenye mali anakuja saiti tails (vigae) zishabandikwa, anasema "hapa mpira wa kujisafishia uko wapi?" Vyumba 8 vyote vinachimbwa upya. Iweke tangu siku ya kwanza.

Kumbuka paipu za PPR, zile za plastiki za maji baridi na moto, zinakuja kwa urefu wa mita 4 na zile za PVC za maji machafu mara nyingi mita 6, hivo hesabu kwa vipande sio kwa mita, maana masalio ya sentimita 70 umeshayalipia. Umeme fanya hivyo hivyo kwa pointi, waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, AC na hita kila moja na laini yake na brekari yake. AC usisahau paipu za shaba, boliti na breketi za kondensa (kile kipande cha AC cha nje), na paipu ya maji yanayodondoka, hii ya mwisho kila mtu anaisahau na ukuta ndo unaoumia.

Hatua ya 3: Andika nani anafanya zile kazi za katikati

Hii ni fupi lakini ni ya hatari. Nani anakata ukuta wa kupitisha paipu? Nani anaziba na kupiga plasta? Nani anajenga mnara wa tanki? Nani anatoa jukwaa la kupandia? Nani anachimba shimo la maji machafu? Kule Paje, Jambiani, Makunduchi ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe, na kuchimba jiwe hakulipwi kama kuchimba mchanga. Kama hakuna jina mbele ya kila kazi, basi kila mmoja atasema sio yangu na mlipaji utakuwa wewe.

Ukiwa Mji Mkongwe ndo uwe makini zaidi. Kuta zile ni za mawe na chokaa, nene kweli kweli, ukikata mfereji wa paipu jiwe linatoka na jirani yake. Pia kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, hubandiki kondensa kwenye uso wa jengo unavyotaka, kwa hivo njia za paipu zinakuwa ndefu na shaba inaongezeka. Kwa nyumba mpya mie huweka asilimia 10 ya dharura, kwa Mji Mkongwe siwekei chini ya 15.

Hatua ya 4: Tafuta bei ya kufika saiti

Bei ya Kariakoo ya Dar inavutia sana, lakini ile ni bei ya kaunta. Ongeza gari mpaka bandarini, meli, kodi na mambo ya forodha, wachukuzi wa bandari ya Malindi hapa mjini, gari mpaka shamba, na vitakavyovunjika maana masinki nane yakipakuliwa usitegemee yote nane yawe mazima. Kama saiti iko Pemba ongeza na kipande cha safari mpaka bandari ya Mkoani au Wete. Baada ya hapo ndo linganisha na muuzaji wa hapa hapa mjini, mara nyingine wa hapa anashinda, khasa kwa vitu vidogo vidogo ambavyo ukipungukiwa kimoja mafundi wanne wanakaa chini siku nzima. Kila kotesheni uliza vitu viwili: ndani yake VAT imo au haimo, maana kiwango cha huku na cha Bara si kimoja, na bei hii inasimama mpaka lini. Waya na kebo zinafuata bei ya shaba duniani, na bei hiyo ni ya dola, Mei 2024 shaba ilipita dola 10,000 kwa tani, mwenye kotesheni ya miezi mitatu nyuma akaambiwa aende na karatasi mpya. Kebo kubwa zinunue mapema uzifungie stoo. Na msimu wa kusi bahari ikichafuka usipange kazi kwa kutegemea mzigo wa siku ile ile.

Hatua ya 5: Jedwali la safu tano

Hapa ndo penyewe. Daftari la mistari linatosha, Excel ikiwepo ni bora zaidi. Kila kifungu kiwe na: bajeti, nilicholipa, nilichoagiza au kuahidi ila sijalipa, kilichobaki kununuliwa mpaka kazi iishe, na tofauti.

Tuseme MEP yote ni milioni 100: umeme 36, mabomba 27, AC 22, maunganisho ya ZECO na ZAWA 5, dharura 10. Chukua mabomba. Umelipa milioni 14, mwenyewe anauliza "tumebakiwa na ngapi?", anaetazama pochi tu atajibu 13 na mwenyewe atafurahi. Lakini pampu na tanki umeshaviagiza kwa milioni 6, ahadi hiyo. Fundi bomba anakudai milioni 4.5 mpaka amalize, nayo ni ahadi. Masinki na mifereji bado hujanunua, milioni 5. Jumlisha 14 na 6 na 4.5 na 5 unapata 29.5. Sio kwamba umebakiwa na 13, umeshapita kwa milioni 2.5 na hata tails bado. Uzuri ni kwamba umejua sasa, wakati bado unaweza kubadilisha aina ya mifereji au kuzungumza na muuza pampu, hukujua wiki ya kufungua hoteli.

Jaza kila Alkhamisi jioni kabla ya malipo ya mafundi, na usiache safu ya nne kwa kukisia, zunguka saiti chumba kwa chumba uone kipi bado. Fungu la dharura lisitumike kwa vitu ambavyo mwenyewe amependa tu, hilo ni la jiwe lililotokea chini na paipu iliyopasuka.

Hatua ya 6: Lipa kwa kazi iliyokwisha, na pima kabla ya kufukia

Umeme kwa pointi, mabomba kwa choo, AC kwa moja moja, halafu gawa kila bei katika vipande: kulaza paipu, kuvuta waya, kufunga vifaa, kupima. Advansi ndogo sawa, fundi ana familia, mlipe kwa wakati na muheshimu. Ila ukishampa sehemu kubwa ya pesa kwenye kulaza paipu, siku ya kufunga vifaa utamtafuta kwa simu. Mie hubakisha asilimia 10 mpaka kipimo kipite.

Na kipimo chenyewe: jaza maji, piga pampu mara moja na nusu ya presha ya kazi, kama mfumo utafanya kazi kwa bar 4 basi peleka 6, kwa PPR itashuka kidogo mwanzo kwa sababu paipu inatanuka, ongeza tena kisha iache na piga picha ya geji. Tails hazibandikwi kabla ya picha hiyo. Kuvuja kwa elbo moja nyuma ya tails ni tails, ni gundi, ni rangi ya chumba cha chini na ni ugomvi wa nani alipe.

Hatua ya 7: Mabadiliko yawe na bei kabla ya nyundo

Mwenyewe anakuja saiti: "Fundi, hii taa isogee kidogo tu." Mjibu kwa adabu, "Hamna tabu mzee, nakuandikia bei sasa hivi." Mtumie kwenye WhatsApp kwa maandishi, kazi gani, bei gani, siku ngapi, asubiriwe ajibu sawa. Sauti iliyorekodiwa haitoshi, hakuna atakaerudi kuitafuta mwezi wa tatu. Kisha peleka namba ile kwenye jedwali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Funga hesabu kwa choo na kwa pointi

Kazi ikiisha hesabu masalio ya stoo, yanayorudishika dukani yarudishe na yaliyobaki mkabidhi mwenyewe kwa maandishi pamoja na drowingi ya paipu zilivyopita kweli. Halafu gawanya: choo kimoja kimesimama kwa kiasi gani mpaka kuisha, pointi moja ya umeme kiasi gani, AC moja kiasi gani pamoja na shaba yake. Andika mwezi na mwaka pembeni, maana kotesheni ya kazi ijayo utaianzia hapo.